Gari jipya liko mbali: ulifuate mwenyewe au uletewe?

Umeshaelewana na muuzaji. Rangi ndiyo, injini ndiyo, bei ndiyo, ila gari lenyewe liko safari ya siku nzima kutoka unapoishi, au liko ng'ambo ya bahari. Hapo wengi huanza kuulizia nauli za malori na kupanga tarakimu kutoka ndogo hadi kubwa. Mimi naanzia kwingine: kati ya geti la muuzaji na mlango wako, gari litapita mikononi mwa watu wangapi, na likichubuka njiani nani atalipa? Nauli ndogo mara nyingi huja na mikono mingi, na kila mahali gari linapopokezanwa pana mwanya wa mtu kusema "mimi nililikuta hivyohivyo."

Basi nitalinganisha njia zote kwa jicho hilo. Nauli zenyewe utazipata kwa simu mbili tatu.

Kulifuata mwenyewe, au kumtuma dereva

Kama umbali unaendesheka kwa siku moja bila kujiumiza, kulifuata mwenyewe ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza. Sababu ni moja: unalikagua gari kabla hujamaliza kulipa. Muuzaji akiwa amesimama mbele yako na fungu la mwisho la pesa likiwa bado kwako, mlango usiofunga sawasawa hushughulikiwa siku hiyohiyo. Ukishalipokea, mlango uleule unageuka kuwa barua pepe zisizojibiwa.

Gharama zake zinajificha kidogo. Kuna nauli ya kwenda, mafuta ya kurudi, malazi kama utalala njiani, ushuru wa barabara, namba za muda na bima. Kwenye bima uliza saa, usiishie kwenye tarehe: inaanza kufanya kazi saa ngapi? Kuna watu wametoka getini asubuhi na bima inayoanza usiku wa manane unaofuata. Namba za muda nazo, hakikisha zinatambulika kila mpaka utakaouvuka, maana hati inayokubalika pale ulipolinunulia gari inaweza kuwa karatasi tu mpaka wa pili.

Halafu kuna gari lenyewe. Vitabu vingi vya magari vinataka kilomita 1,000 hadi 1,500 za mwanzo ziwe za upole: usikanyage mafuta hadi mwisho, usiipandishe injini mizunguko ya juu, na usikae kwenye mwendo mmoja kwa saa nyingi. Barabara kuu iliyonyooka inakushawishi ufanye hayo yote matatu. Ukiweza, pita barabara ya zamani yenye miji na vilima. Usipoweza, badilisha mwendo kila baada ya muda, na ule uwezo wa gari kushika kasi lenyewe usiuwashe. Tairi mpya na pedi mpya za breki pia hazishiki inavyotakiwa katika mamia machache ya kilomita za mwanzo, kwa hiyo achia nafasi kubwa zaidi kati yako na aliye mbele, hasa kukiwa na mvua. Gari la umeme halina injini ya kuzoesha, lakini la tairi na breki liko palepale, na juu yake unahitaji kujua utachaji wapi kabla hujaondoka. Jaribu chaja ya kwanza ukiwa bado karibu na muuzaji.

Kumtuma dereva wa kukodi kunaonekana ni jambo lilelile kwa bei ya chini. Kilomita ni zilezile, lakini mguu ulio kwenye pedali si wako. Anayelipwa kwa safari ana kila sababu ya kufika mapema, na upole wa kilomita za mwanzo hautamsumbua akili. Kwa gari lililotumika sina neno. Kwa gari jipya naiweka njia hii mwisho kabisa, labda pale ambapo hakuna lori linalofika. Ukilazimika, andikeni mkataba unaotaja usomaji wa mita ya kilomita wakati wa kuondoka na kufika, njia atakayopita, na bima ya nani inamfunika akiwa kwenye usukani. Swali la mwisho hilo likijibiwa kwa "usijali", tafuta mtu mwingine.

Malori: la wazi, lililofungwa, na la gari moja

Watu huogopa lori la wazi kupita kiasi. Lori la kawaida la ghorofa mbili hubeba magari nane hadi kumi, na ndivyo magari mengi mapya yanavyotoka kiwandani au bandarini hadi kwa wauzaji. Kwa maneno mengine, gari lako huenda limeshapanda lori la aina hiyo kabla hujalijua. Vumbi na mvua havilidhuru. Kinachodhuru ni kokoto zinazorushwa na magari mengine, matawi ya miti kwa magari ya juu, na mafuta au maji yanayodondoka kutoka gari la juu hadi la chini. Ukiombwa uchague, ghorofa ya juu ni bora katika barabara kuu pana. Wasafirishaji wengine hutoza nyongeza kwa ombi hilo, na nadhani inastahili kulipwa.

Tatizo kubwa la lori la wazi la magari mengi ni kupakiwa na kushushwa. Gari lililo nyuma yako likifika kwake baada ya lako, la kwako haliwezi kutoka mpaka lile lishushwe. Na la kwako likiwa limeziba la mwenzako, litashushwa na kupandishwa tena pembeni mwa barabara, pengine usiku, na dereva aliyechoka. Ndiyo maana maswali mawili ya maana kwa msafirishaji ni haya: mtasimama mara ngapi, na gari langu litabaki kwenye lori hilohilo mpaka mwisho? Huduma za bei ya chini mara nyingi huacha gari kwenye yadi ya kati, likisubiri lori la pili. Siku zile za yadini gari limekaa chini ya dhamana ya nani? Liandikwe.

Na huo usemi "mlango kwa mlango" una mipaka. Lori la urefu ule halikati kona ya mtaa mwembamba wala halipiti chini ya nyaya zilizolegea. Dereva atakupigia mkutane kwenye uwanja mpana ulio karibu, na yuko sahihi. Panga uwanja huo mapema badala ya kubishana naye simuni.

Lori lililofungwa hubeba machache, hukinga na kokoto, chumvi ya barabara za majira ya baridi na macho ya watu, na mengi yana lifti bapa badala ya ngazi ya mteremko, jambo linaloliokoa gari lililo chini sana. Nauli yake ni kubwa zaidi kwa kiasi cha kuhisiwa, na lori lenyewe ni adimu, hivyo unasubiri. Kwa gari la familia la kawaida ni kujitutumua bure. Kwa gari la michezo, au lenye rangi isiyong'aa ambayo haiwezi kupigwa polishi mpaka mkwaruzo upotee, lipa.

Njia inayosahaulika ni lori dogo linalobeba gari moja mgongoni, lile watu wanalolizoea kwa kuvuta magari yaliyoharibika. Linapakia mara moja na kushusha mara moja, dereva ni yuleyule, na lazima ajue anampelekea nani. Kwa umbali wa kilomita mia chache naliweka juu ya malori yote mengine, hata kama kwa kila kilomita linatoza zaidi. Sisitiza mambo mawili: magurudumu yote manne yawe juu, kwa sababu gari la umeme na gari linalosukuma magurudumu yote linaweza kuharibika likiburutwa na magurudumu mawili yakizunguka chini, na mikanda ifungwe kwenye magurudumu, isifungwe minyororo kwenye mikono ya suspensheni ya gari.

Kwa lori la aina yoyote, tangi libaki na robo hivi ya mafuta, na usiache vitu vyako ndani. Bima ya mzigo kwa kawaida hulifunika gari, haifuniki mabegi yaliyomo.

| Njia | Wanaolishika | Mita likifika | Linafaa lini |
|---|---|---|---|
| Kulifuata | Wewe tu | Safari nzima | Umbali wa siku moja, una nafasi |
| Dereva wa kukodi | Mgeni mmoja | Safari nzima | Hakuna lori linalofika |
| Lori la gari moja | Dereva mmoja | Karibu na sifuri | Kilomita mia chache |
| Lori la wazi | Dereva, pengine na yadi | Karibu na sifuri | Mbali sana, gari la kawaida |
| Lori lililofungwa | Dereva mmoja au wawili | Karibu na sifuri | Gari la chini au rangi ya gharama |
| Muuzaji kwa muuzaji | Usiowaona | Uliza kwanza | Hutaki kushughulika na usafiri |

Kumwachia muuzaji

Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza, muuzaji wa mbali anakuletea yeye mwenyewe. La pili, muuzaji wa chapa ileile aliye karibu nawe analichukua gari kutoka kwa mwenzake na kukuuzia yeye.

La kwanza ni zuri likiandikwa kwamba mauzo yanakamilika mlangoni kwako, baada ya wewe kukagua na kusaini. Likiandikwa vinginevyo, yaani umenunua pale kwake na yeye "anakusaidia usafiri", basi tangu gari lilipovuka geti ni mzigo wako, hata kama lori amelichagua yeye. Maneno ya muuzaji ni yaleyale katika hali zote mbili: "tutakuletea". Soma karatasi.

La pili ndilo jepesi kuliko yote. Bei inaweza kupanda kidogo kwa sababu wauzaji wawili wanagawana faida, lakini unapata mtu wa kumrudia, na huduma ya kwanza unaifanyia palepale. Uliza tu litahamishwa kwa lori au kwa magurudumu yake. Wauzaji wengi hutuma dereva, na hapo utakabidhiwa gari "jipya" lenye mamia ya kilomita ambazo hukuziendesha. Kama hilo linakukera, weka kikomo cha mita kwenye mkataba kabla ya kutoa malipo ya awali.

Kwa njia zote mbili, ulizia ukaguzi wa kabla ya makabidhiano umefanywa wapi. Gari likitoka kiwandani huwa limewekwa katika hali ya usafirishaji: baadhi ya vifaa vya umeme vimezimwa ili betri isiishe, upepo wa tairi umezidishwa, ngozi ya plastiki imebandikwa, na mengine huwekewa vizuizi kwenye springi. Kuna mtu lazima avitoe vyote hivyo na kuhesabu upepo upya. Muuzaji wa mbali akilipakia gari lorini kabla ya kazi hiyo, muuzaji wa karibu hana wajibu wa kukufanyia bure.

Likiwa ng'ambo ya bahari

Bahari inaongeza mikono kuliko njia nyingine yoyote: lori la kwenda bandarini, wapakiaji, meli, washushaji, forodha, wakala, lori la pili. Uamuzi wa kwanza ni meli ya kuingia gari likiendeshwa, ile ambayo mabaharia huiita roro, au kontena.

Meli za roro kubwa hubeba magari maelfu kwa safari moja, na kwa gari linalotembea ndizo za bei nafuu mara nyingi. Ila wafanyakazi wa bandari hulikalia na kuliendesha, mara mbili kwa uchache. Kwenye kontena gari hufungwa mikanda, mlango unapigwa lakiri yenye namba, na kama namba hiyo ni ileile mwisho wa safari unajua hakuna aliyelifungua. Kwa gari jipya la bei kubwa, lakiri hiyo ndiyo inayonivuta upande wa kontena. Kwa pikapu ya kazi, roro inatosha.

Moto baharini ni nadra lakini upo. Tarehe 16 Februari 2022 meli Felicity Ace ilishika moto karibu na visiwa vya Azores ikiwa na magari yapata 4,000, na tarehe 1 Machi ikazama. Wenye bima kamili walipoteza muda. Wenye bima nusu ndio waliopaswa kusoma masharti upya. Na hata meli ikiokolewa, sheria ya kale ya bahari inaruhusu gharama za kuiokoa zigawanywe kwa wenye mizigo wote, pamoja na wewe ambaye gari lako halikuguswa.

Kwa hiyo angalia herufi tatu kwenye mkataba. Chini ya Incoterms 2020, yaani kanuni za kimataifa zinazogawa gharama na hatari kati ya muuzaji na mnunuzi, muuzaji akikuuzia kwa CIF, yeye analipa nauli na bima hadi bandari yako, lakini hatari inahamia kwako gari likishapakiwa melini huko lilikotoka. Tena bima anayotakiwa kuinunua ni ile ya kiwango cha chini, inayofunika maafa kama moto, kuzama na kugongana. Mkwaruzo na wizi havimo. Kwa CIP, bima inayodaiwa ni ya kiwango cha juu. Kwa DAP, hatari inabaki kwa muuzaji mpaka gari lifike mahali mlipotaja, likiwa tayari kushushwa. Tofauti ya bei kati ya CIF na DAP ukiilinganisha na bima kamili utakayojinunulia mwenyewe, ndipo utajua ipi ni rahisi kweli.

Uliza pia kabla ya yote kama dhamana ya mtengenezaji inavuka mipaka. Dhamana nyingi zimefungwa kwenye soko ambalo gari lilitengenezewa.

Karatasi unayosaini lori likifika

Hapa ndipo fidia hupatikana au kupotea, kuliko mahali pengine popote. Wakati wa kupakia, dereva anajaza hati ya mzigo na kuchora kasoro alizoziona. Muombe muuzaji akutumie nakala yake na picha za pande zote nne, paa, magurudumu na mita, zikiwa na tarehe. Lori likifika, kagua kwa hati hiyo mkononi. Linganisha namba ya chasi: ina herufi na tarakimu 17, na herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, kwa hiyo ukiona O kwenye karatasi yoyote mtu amekosea sifuri, na kosa dogo kama hilo linaweza kukwamisha usajili.

Kila unachokiona kiandike kwenye hati kabla ya kusaini, dereva akiwepo. Likifika usiku au limejaa matope, andika hivyo: "giza, halikukaguliwa kikamilifu". Dereva atanung'unika. Mwache anung'unike. Kwa safari za barabara zinazovuka mipaka chini ya mkataba wa CMR wa mwaka 1956, uharibifu unaoonekana unatakiwa utajwe papo hapo, na usioonekana ndani ya siku saba bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Baharini, panapofuatwa Kanuni za Hague-Visby, usioonekana una siku tatu tu.

Na usidhani kwamba msafirishaji mwenye kosa atakulipa thamani ya gari. Kikomo cha CMR ni 8.33 kwa kila kilo, kwa kipimo cha fedha cha IMF kinachoitwa SDR. Gari la kilo 1,500 linapata kikomo cha SDR 12,495. Chini ya Hague-Visby kilo inahesabiwa SDR 2, hivyo gari hilohilo baharini linafikia SDR 3,000 tu. Wanapima uzito, bei ya gari haiwahusu. Gari jepesi la gharama ndilo linaloachwa wazi zaidi, na pengo hilo linazibwa na bima yako mwenyewe, iliyoandikwa kwa thamani ya ankara.

Dalali na bei zake

Wengi watakaokupa bei ya lori hawana lori. Ni madalali: wanaitangaza kazi yako, na mwenye lori akiikubali ndipo gari linachukuliwa. Si kosa, na dalali mzuri anajua lori lipi liko wapi wiki hiyo. Lakini bei iliyo chini sana kuliko nyingine zote mara nyingi ina maana kwamba hakuna mwenye lori atakayeikubali, na baada ya siku kadhaa za kimya utaombwa uongeze. Usilipe fungu kubwa kabla hujapewa jina la mwenye lori mwenyewe na cheti cha bima yake ya mzigo. Kihakiki kile cheti kwa kuipigia simu kampuni ya bima, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Muuzaji asiyejulikana anayekulazimisha utumie msafirishaji mmoja tu, anayepatikana kwa barua pepe pekee, huenda ni mtu yuleyule mwenye kofia mbili.

Ningechagua hivi. Ndani ya siku moja ya kuendesha, nalifuata. Kilomita mia chache na sina nafasi, lori la gari moja. Mbali zaidi na kuna muuzaji wa chapa hiyo karibu, namwachia yeye ahangaike, mradi atie saini kikomo cha mita. Mbali na hakuna muuzaji, lori la wazi lisilobadilisha mzigo njiani, na bima yangu juu. Ng'ambo ya bahari, kontena kwa DAP. Bei ya DAP ikizidi mno, CIP, na namba ya lakiri natumiwa kwa picha siku ileile ya kupakia.